Mguu wa Kwanza

Kabla ya saa sita usiku Shangazi Redemta kesha fagia nyumba,
kafagia hadi nyuma ya pipa la maji,
majivu ya jikoni kayamwaga shinani mwa mpichesi.
"Kule kwao," anasema, "uchafu wa mwaka hauvuki mwaka."

Kule kwao.
Kati yetu hakuna aliyefika kule kwao.
Uskoti tunaijua kwa boila kuukuu la kiwanda cha chai,
lenye jina la mji wao ubavuni, herufi za chuma
ambazo babu, akiwa mtoto, alizipapasa
kama anayetafuta mapigo ya moyo.

Makilei alikuwa fundi wa boila hilo.
Jina lake halisi lilikuwa na kona nyingi;
midomo ya Mufindi ikalipiga randa.
Nywele zake, alisema Bibi Kandida, ndevu za mahindi
wiki moja kabla ya kuvunwa.
Alikaa misimu mitano. Akaacha mtoto mmoja, spana mbili,
na hadithi hii isiyo na risiti:

kwamba usiku wa kuamkia mwaka
mguu wa kwanza kuvuka kizingiti ndio unaoubeba mwaka wenyewe.
Uwe wa mtu mwenye nywele nyeusi,
mkononi kaa la mawe, mkate, chumvi, kinywaji kikali.
Mwenye nywele nyekundu asitangulie. Ni nuksi.

Kwa hiyo kila mwaka Makilei alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe,
ukungu ukimlowanisha kama jani,
akingoja Bibi aingie kwanza.
Bibi alilicheka jambo hili hadi uzeeni.
"Mzungu mzima, bosi wa mvuke,
anaogopa mlango!
Nami niliyezoea kupitishwa wa nyuma
usiku huo mmoja nikapita wa mbele."

Leo tumeamua kuianza tena, iwe yetu.
Kaa la mawe hatuna; tuna mkaa wa miwati.
Kinywaji ni ulanzi uliogemwa asubuhi,
sasa una povu na hasira.
Chumvi ya pakiti. Mkate wa dukani kwa Mgovano,
wa juzi, ndio uliokuwepo.
Kuhusu nywele nyeusi tulicheka:
kijiji kizima kinafaa!
Shemeji Ponsiano akajitolea, akatoka nje.

Ndipo Lwitiko, miaka saba, akauliza:
"Na mimi nisimame wapi?"

Maana damu ni mto wa chini kwa chini.
Ulipita kwa babu kimya, kwa mama yake kimya,
ukaja kububujika kichwani mwake,
mwekundu kama barabara ya Mgololo.
Shuleni wanamwita Kutu.

Hakuna aliyejibu. Ulanzi ulichemka peke yake.
Saa ya simu ilisema dakika nne.
Shangazi Redemta aliutazama ufagio,
akamtazama mtoto,
akapaza sauti:
"Ponsiano! Rudi ndani kwa dirisha,
usije ukatuharibia."

Akampa Lwitiko mkaa mikononi, bila hata gazeti.
"Toka. Hesabu mpaka kumi.
Kisha ingia kama mwenye nyumba."

Tukamsikia akihesabu kwenye ukungu.
Saba aliirudia mara mbili.
Akaingia pekupeku, kipande kikamdondoka, akakikanyaga,
na shemeji, nusu ndani nusu nje ya dirisha,
ndiye aliyepiga vigelegele.

Basi mila yetu ina umri wa usiku mmoja
na tayari ina kiraka.
Sijui mwaka utakuja na nini. Bei ya chai imeshuka,
goti la shangazi linakataa mlima.
Ila asubuhi, kwenye saruji ya kizingiti,
palikuwa na wayo mdogo wa masizi, vidole vitano,
na shangazi, mwenye vita na kila doa,
alipiga deki huku na huku,
akauzunguka.